Pimeni Simu za Upepo Kabla ya Siku ya Shari

Kila asubuhi, katika vituo vya polisi na makambi ya jeshi, hufanyika jambo moja ambalo kila askari analifahamu. Mwenye zamu hushika simu ya upepo, huita, hujibiwa, kisha huandika katika daftari la zamu maneno matatu: "Mawasiliano ni mazuri." Hulifunga daftari, hupokea chai yake, na siku huanza. Hakuna aliyedanganya. Sauti ilikwenda, na sauti ilirudi.

Lakini na tuulize: yule aliyejibu alikuwa wapi? Aghalabu alikuwa katika gari lililoegeshwa chini ya mwembe, hatua mia moja kutoka langoni. Au alikuwa katika kituo jirani kilicho juu ya kilima, chenye antena ndefu kama ya kwetu. Hakuwa bondeni nyuma ya mlima. Hakuwa ndani ya ghala la mabati, wala ukingoni mwa kinamasi cha mafunjo, wala katika chumba cha chini cha jengo la ghorofa. Na huko ndiko askari anakotumwa. Basi daftari lile limeandika ukweli, lakini ni ukweli wa kiwanja cha kambi, si ukweli wa eneo la kazi.

Leo twataka kusema na ndugu zetu wa jeshi na wa polisi juu ya jambo hilo. Twasema kwamba simu ya upepo ambayo haikupimwa mahali itakapotumika, haikupimwa. Hakuna askari mwenye akili timamu ambaye hupewa bunduki mpya akaenda nayo kazini bila kuipeleka kwanza kwenye uwanja wa shabaha, aone risasi yaangukia wapi. Kwa nini basi chombo ambacho kwacho ataomba msaada, ataita gari la wagonjwa, na atapewa amri ya kusonga mbele au kurudi nyuma, kipokewe kwa imani tu?

Maneno ya kitabu na mambo ya ardhi

Kila chombo huja na kitabu chake. Kitabu hueleza nguvu ya chombo kwa wati, na umbali kwa kilomita. Tarakimu hizo huwa si uongo, ila zilipatikana mahali ambapo askari hafanyi kazi: katika uwanda ulio wazi, betri ikiwa mpya, antena ikiwa imesimama wima, na mtu aliyetulia akishika redio mbele ya uso wake. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Yafaa kila askari ajue walau kwa ufupi mambo yanayoila nguvu ya sauti yake njiani. Katika anga tupu, ukizidisha umbali mara mbili, nguvu inayofika hubaki robo. Lakini askari hafanyi kazi katika anga tupu. Juu ya ardhi, mawimbi yanayokwenda moja kwa moja hukutana na yale yaliyogonga ardhi na kuruka, na umbali ukizidi, mawimbi hayo huanza kuvunjana nguvu. Hapo ukizidisha umbali mara mbili, nguvu inayofika hubaki karibu sehemu moja tu katika 16. Zaidi ya hayo, redio za mkononi za masafa ya juu huona karibu kama jicho linavyoona. Watu wawili waliosimama katika uwanda tambarare, redio zao zikiwa kimo cha mita moja na nusu, huanza kuzibwa na mviringo wa dunia baada ya kilomita 10 hivi. Lakini mmoja wao akipanda kilima kilichoinuka mita 100 juu ya uwanda huo, umbali huo hufika kilomita 46 hivi. Ndiyo maana mlima ni rafiki wa aliyesimama juu yake, na ni adui wa aliyesimama nyuma yake.

Kuna jambo jingine ambalo kila askari wa doria amekutana nalo, ijapokuwa wachache wameelezwa sababu yake. Unaita, hujibiwi, unasogea hatua moja, sauti inakuja safi. Huo si uchawi, wala si ubovu wa chombo. Mawimbi ya masafa ya megahezi 150 yana urefu wa mita 2. Yakigonga kuta, miamba na miti, hurudi kutoka pande nyingi na kukutana. Mahali pengine husaidiana, na mahali pengine, kiasi cha mita moja tu kutoka hapo, huuana. Kwa hiyo kipimo cha mahali pamoja, mtu akiwa amesimama, si kipimo. Mwaka 1985 mhandisi William C. Y. Lee alionyesha kwa hesabu kwamba ili kupata wastani wa kuaminika wa mahali fulani, inafaa kupima katika njia yenye urefu wa mawimbi 40 hivi, na kuchukua vipimo visivyopungua 36. Kwa mawimbi ya mita 2, hiyo ni njia ya mita 80. Yaani mpimaji sharti atembee.

Na mwili wa askari mwenyewe humla sauti. Redio iliyoning'inia kiunoni, antena ikiwa imebanwa kati ya mkanda na ubavu, yaweza kupoteza sehemu tisa katika kumi za nguvu yake, au zaidi, kuliko ikiinuliwa mbele ya uso. Askari aliyepewa chombo cha wati 5 anaweza kuwa anafanya kazi na chini ya nusu wati, naye hajui.

Mafunzo ya Arnhem

Tusidhani kwamba haya ni mambo ya mafundi tu. Yameandikwa kwa damu katika historia ya majeshi.

Tarehe 17 Septemba 1944, divisheni ya kwanza ya askari wa miamvuli wa Uingereza ilishuka karibu na mji wa Arnhem huko Uholanzi, ili iteke daraja la mto Rhine. Mahali waliposhukia palikuwa mbali na daraja, kiasi cha kilomita 10 hadi 13, na katikati palikuwa na misitu na mji. Redio walizobeba zilikuwa za umbali mfupi, na ndani ya miti na majumba umbali huo ulizidi kupungua. Maofisa wa simu wa divisheni hiyo walikuwa na wasiwasi mapema juu ya jambo hilo, lakini safari iliendelea kama ilivyopangwa.

Ikawaje? Siku ile ile ya kwanza vikosi vilianza kupoteana. Jenerali Roy Urquhart, alipoona hawezi kuwapata makamanda wake kwa redio, alipanda gari akaenda kuwatafuta yeye mwenyewe. Akakwama kati ya adui, akalazimika kujificha katika nyumba ya raia, na hakurudi makao makuu yake hadi asubuhi ya Septemba 19. Kwa muda huo divisheni nzima haikuwa na kiongozi wake. Katika watu kiasi cha 10,000 waliopigana upande wa kaskazini wa mto, waliorudi walipoondolewa mwishoni walikuwa chini ya 2,500.

Hatusemi kwamba redio peke yake iliwashinda. Vifaru vya Wajerumani vilikuwapo, na msaada uliotazamiwa kwa njia ya nchi kavu ulichelewa. Lakini twasema hivi: umbali ulijulikana, misitu ilionekana katika ramani, na uwezo wa vyombo ulikuwa jambo linalopimika. Kilichokosekana ni mtu wa kuyaweka mambo hayo matatu juu ya meza moja na kusema kwa sauti, "Afande, hatutasikilizana."

Hesabu ya Tokyo si hesabu ya Kigezi

Baada ya vita, wataalamu walijaribu kuyageuza mambo haya kuwa hesabu. Huko Japani, Yoshihisa Okumura na wenzake walizunguka na magari yenye vyombo vya kupimia ndani ya mji wa Tokyo na katika vitongoji vyake, wakaandika nguvu ya mawimbi mtaa kwa mtaa, na mwaka 1968 wakatangaza matokeo yao. Mwaka 1980 Masaharu Hata aliyafupisha matokeo hayo yakawa kanuni chache ambazo mhandisi aweza kuzitumia kwa urahisi. Kanuni hizo zimetumiwa kupanga mitambo ya simu katika nchi nyingi, na Okumura alipewa heshima kubwa ya wahandisi huko Marekani mwaka 2013.

Sisi twaiheshimu kazi hiyo, na somo kubwa tunalolipata kwake ni kwamba walipima kwanza, wakaandika kanuni baadaye. Lakini kanuni iliyozaliwa Tokyo inajua majumba na mitaa ya Tokyo. Imewekewa mipaka yake: masafa ya megahezi 150 hadi 1,500, umbali wa kilomita 1 hadi 20, na antena ya kituo iliyo juu mita 30 hadi 200. Haijui mabonde ya Kigezi yaliyopindana kama matumbo. Haijui mafunjo wala msitu wa Bwindi. Muuzaji wa mitambo anapotandaza ramani mezani, nchi yote ikiwa imepakwa rangi ya kijani, na kusema kwamba kila palipo kijani pana mawasiliano, yatupasa tumuulize: rangi hii ilitoka katika hesabu, au kuna mtu aliyetembea huko?

Kwa habari ya misitu, ushahidi upo. Katika miaka ya 1960 Wamarekani walifanya vipimo vya muda mrefu katika misitu ya Thailand, kwa sababu askari walikuwa wakipotea kimya ndani ya miti. Yalionekana mambo ambayo hesabu ya uwanda isingeyatabiri. Ndani ya msitu mnene mawimbi hufa upesi, na yale yanayofika mbali hupanda hadi juu ya vilele vya miti, husafiri huko, kisha hushuka tena. Mwaka 1967 mtaalamu Theodor Tamir alieleza kwa hesabu sababu yake. Faida yake kwa askari ni ya mara moja: ndani ya msitu, kuiinua antena kuelekea vilele vya miti kwaweza kufaa kuliko kubadili chombo.

Kipimo kibaya ni hatari kuliko kutopima

Sasa na tuutazame mfano ambao ni wa karibu zaidi na kazi ya polisi na zimamoto, nao unafunza jambo ambalo wengi hawalitazamii: kwamba kipimo kilichofanywa kwa haraka chaweza kudanganya.

Mwaka 1993 bomu lililipuka chini ya majengo marefu ya World Trade Center mjini New York. Baadaye paliwekwa mtambo wa kupokea sauti za redio za mkononi na kuzirusha upya kwa nguvu zaidi, mtambo ambao mafundi huuita ripita, ili wazimamoto waweze kusikilizana katika maghorofa ya juu. Mnamo Septemba 11, 2001, ndege mbili zilipoyagonga majengo hayo, mtambo ulikuwapo. Saa 2 na dakika 54 asubuhi kitufe kimoja kilibonyezwa, na mtambo ukawa tayari. Kitufe cha pili, kilichohitajiwa ili simu ya mezani iweze kurusha sauti, hakikubonyezwa.

Saa 3 na dakika 5 wakuu wa zimamoto waliujaribu. Aliyeshika simu ya mezani hakuweza kurusha, naye hakumsikia mwenzake aliyekuwa akimwita kwa redio ya mkononi. Tume iliyochunguza mambo ya siku hiyo, ambayo taarifa yake ilitolewa mwaka 2004, ilisema yaelekea palikuwa na hitilafu, au sauti ya chombo cha mezani ilikuwa imepunguzwa, kama ilivyokuwa desturi wakati hakitumiki. Wakuu wakaamua kwamba mtambo ni mbovu, wakauacha. Kumbe ulikuwa ukifanya kazi, walau kwa redio za mkononi. Wazimamoto wa jengo la pili waliutumia baadaye.

Saa 4 kasoro dakika moja jengo la kusini lilianguka. Wazimamoto waliokuwa jengo la kaskazini wakaamriwa watoke. Wako waliosikia. Wako ambao hawakusikia, kwa kuwa redio haikufika, au masafa yalijaa sauti za watu wengi, au walikuwa wakisikiliza masafa mengine, au hawakuwa na redio kabisa. Saa 4 na dakika 28 jengo la kaskazini nalo likaanguka. Siku hiyo walikufa wazimamoto 343 wa mji wa New York.

Hapa pia hatusemi kwamba kitufe kimoja kiliwaua. Tume yenyewe haikusema hivyo, na wako waliosikia amri wakakawia kwa kuwa walikuwa wakiwasaidia raia na wenzao. Lakini ndugu askari, litazameni jaribio lile la saa 3. Lilifanywa na watu hodari, lakini lilifanywa wakati moto umekwisha kuwaka, kwa dakika chache, na katika chombo ambacho hawakukizoea. Lau lingekuwa limefanywa mara kwa mara katika siku za amani, ghorofa kwa ghorofa, kila mkuu angelijua mahali pa vitufe vyote viwili hata gizani. Siku ya kufa nyani, miti yote huteleza. Na aliyeijua miti tangu zamani ndiye huchagua tawi lisiloteleza.

Namna ya kupima

Wengi watasema, "Sisi hatuna vyombo vya kupimia." Twajibu kwamba kifaa cha kwanza cha kupimia ni sikio la askari, na cha pili ni penseli.

Kwanza, chukueni ramani ya eneo lenu, mwigawe katika miraba iliyo sawa. Kila mraba sharti ufikiwe, na mahali pa kupimia ndani ya mraba pasichaguliwe na mpimaji, kwa maana binadamu hupenda kusimama juu ya kichuguu. Mwenye kuchagua mahali pazuri hapimi chombo, bali anakipamba.

Pili, pimeni pande zote mbili. Kituo chenye antena juu ya mlingoti hurusha kwa wati 25 au 50, na askari wa doria ana wati 5. Kwa hiyo ni kawaida kabisa askari kukisikia kituo vizuri, huku kituo hakimsikii yeye. Huyo ndiye askari aliye katika hatari kuu, kwa kuwa anadhani ana mawasiliano.

Tatu, acheni kuulizana "Unanisikiaje?" Swali hilo hujibiwa kwa adabu kuliko kwa ukweli, hasa anayeuliza akiwa mkubwa. Badala yake, mrushaji asome tarakimu na majina ya mahali ambayo mpokeaji hayajui mapema, na mpokeaji ayaandike. Kisha karatasi mbili zilinganishwe, na sauti ipewe alama kutoka 1 hadi 5. Katika desturi ya wahandisi wa mitambo ya usalama huko Marekani, alama ya 3 ni sauti inayoeleweka kwa kujitahidi kidogo, na mara moja moja huhitaji kurudiwa. Nao aghalabu hudai alama ipite hapo kidogo, 3.4, ambapo kurudia ni kwa nadra. Wala hawadai kila mahali bila kasoro, bali katika asilimia 95 hivi ya eneo. Jambo la maana ni kuijua asilimia 5 iliyobaki iko wapi.

Nne, pimeni katika hali ya kazi. Redio iwe kiunoni kama inavyovaliwa. Betri iwe ile iliyokwisha kufanya kazi zamu nzima. Injini ya gari ingurume. Hili la makelele lina uzito wake katika zama hizi za redio za kidijitali. Mwaka 2008 taasisi ya serikali ya Marekani ilijaribu redio hizo pamoja na makelele ya kazi ya zimamoto, kama vile msumeno wa injini na king'ora, na ikaonekana kwamba penye makelele fulani maneno yaliharibika kuliko katika redio za zamani. Tena redio ya zamani huonya kabla ya kukatika. Mvumo huongezeka kidogo kidogo, na askari hutambua kwamba anafika mwisho. Ile ya kidijitali hubaki safi, kisha hunyamaza ghafla kama mtu aliyetumbukia shimoni. Kwayo, usafi wa sauti si dalili ya kwamba uko mbali na ukingo.

Tano, andikeni tarehe na hali ya hewa. Majani mabichi yaliyolowa mvua huyala mawimbi kuliko pori la kiangazi. Shamba la mahindi la Juni si shamba lile lile la Februari. Kila jengo jipya likisimama, kila antena ikitengenezwa, mraba huo upimwe tena.

Sita, palipo na kimya pasiandikwe kimya tu. Paandikwe pia ni wapi pa karibu pa kusogea ili mtu asikike: hatua ngapi, upande gani, juu ya nini. Alama kumi za namna hiyo katika ramani zina thamani kuliko redio mpya kumi zilizofungiwa ghalani.

Hesabu ndogo yenye maana kubwa

Kuna mahali pamoja ambapo hata wapimaji wenye nia njema hupotea. Wanaita mara 10, wanajibiwa mara 10, wanaandika: "Hakuna kasoro." Hesabu haikubali. Mtambo unaopoteza mwito mmoja katika kila minne bado waweza, kwa bahati tu, kufaulu mara 10 mfululizo. Jambo hilo hutokea zaidi ya mara tano katika majaribio mia. Kwa hiyo majaribio 10 hayatoshi kuukana ubovu wa robo nzima.

Iko kanuni rahisi. Ukijaribu mara nyingi bila kukosa hata mara moja, gawanya 3 kwa idadi ya majaribio, nawe utapata kiwango cha juu cha ubovu unaoweza kuwa umejificha, kwa uhakika wa asilimia 95. Majaribio 60 bila kosa: ubovu hauzidi asilimia 5. Majaribio 100: hauzidi asilimia 3. Doria moja haiwezi kufanya majaribio hayo yote kwa siku moja. Lakini doria zinatoka kila siku, na kila moja ikileta majaribio matano yaliyoandikwa vizuri, mwezi hautakwisha kabla kikosi hakijalijua eneo lake. Miguu inatembea tayari. Kinachotakiwa ni daftari.

Kwa wenye mashaka

Wako watakaosema kwamba siku hizi kila mtu ana simu mfukoni, basi redio ni mambo ya kale. Ndugu hao na wakumbuke mkutano mkubwa, au uwanja wa mpira siku ya fainali, wakati maelfu ya watu wanapopiga simu kwa pamoja: simu za mfukoni ndizo hukwama kwanza. Tena minara hiyo ilipangwa kwa kufuata wateja, na mhalifu hafuati wateja. Anayetaka kuitegemea simu ya mfukoni naye aipime katika miraba ile ile, kwa alama zile zile.

Wako pia watakaosema kwamba kupima ni kuropoka hewani, na adui atasikia. Neno hilo ni la haki, nasi twalikubali. Majaribio yawe mafupi, maneno yawe ya kupangwa yasiyo na siri, wala yasifanywe wakati wa operesheni. Ramani ya mahali penye kimya ni siri ya kikosi. Isibandikwe ukutani wala isitembezwe. Lakini kuificha kwa adui si kuificha kwa askari wako. Mhalifu anayeishi katika bonde lile amekwisha kujua kwamba redio za polisi hazifiki hapo. Itakuwa aibu kama asiyejua ni polisi peke yake.

Neno kwa maofisa

Tunamalizia kwa jambo ambalo kwa maoni yetu ni gumu kuliko hesabu zote. Katika vikosi vingi, askari mdogo anayeripoti kwamba redio haisikiki huonekana mvivu, au mharibifu wa mali, au mtu anayemtia dosari mkubwa aliyetia sahihi vyombo vilipopokewa. Basi naye hujifunza kunyamaza. Huandika "mawasiliano ni mazuri" kwa sababu ndiyo maneno yasiyomletea maswali. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini katika jambo hili mfichaji huwa yumo salama ofisini, na kifo humwendea mwingine aliye bondeni.

Kwa hiyo twawaambia maofisa: daftari lisilo na kasoro hata moja kwa mwaka mzima si la kusifiwa, ni la kutiliwa shaka. Askari anayeleta habari ya mraba ulio kimya ameleta kitu cha thamani. Ashukuriwe mbele ya wenzake kwenye paredi. Na ofisa mwenyewe, angalau mara moja kwa mwezi, ashuke bonde moja lililo mbali kabisa katika eneo lake, na redio ya askari wa kawaida kiunoni, yenye betri ya askari wa kawaida, aite kituo chake. Akijibiwa, ni vyema. Asipojibiwa, atakuwa amejua katika siku ya amani jambo ambalo askari wake angelijua usiku, peke yake, akiwa na mwenzake anayetokwa na damu.

Na kesho asubuhi, mwenye zamu anaposhika kalamu aandike "mawasiliano ni mazuri", tunamwomba aongeze maneno machache tu mbele yake: kutoka wapi, hadi wapi, na nani aliyetembea huko kuhakikisha.